Kisiwa cha Maji Chumvi au cha Maji Baridi? Soma Kabla Hujapanda Boti

Wiki mbili hizi kijiwe chetu hapa Kilwa Masoko kimewaka moto kwa hoja moja tu. Tuko vijana wanane, tumechanga hela kidogo kidogo karibu mwaka mzima ili tupate siku tano za kukaa kisiwani. Mahema, moto wa kuni, samaki wa kuchoma, hakuna kelele za bodaboda, basi. Kasheshe ni moja: kisiwa gani?

Nusu ya kundi wanasema tubaki huku huku kwetu, Songo Mnara au visiwa vya Songosongo. Nusu nyingine wamepagawa na picha za Rubondo kule Ziwa Victoria, na binamu yangu anayeishi Mwanza anawamwagia petroli kila siku: "Njooni huku bwana, maji mnachota ziwani, hayana chumvi, hakuna cha kupwa wala kujaa."

Nimepewa kazi ya kupima pande zote mbili. Sio kwamba mimi ni mtaalamu, la hasha. Ni kwa sababu katika kundi zima mimi peke yangu ndiye niliyewahi kukwama na boti kwenye tope, jua kali, watu saba, maji ya kunywa lita tano. Hiyo habari nitaisimulia hapo chini. Kwanza tuanze na swali ambalo watu wengi hawajiulizi.

KWA NINI KISIWA HAKINA WATU?

Mtu anayetafuta pori anatafuta mahali pasipo na watu. Sawa. Lakini jiulize, mbona hapana watu? Huku pwani watu wamekaa zaidi ya miaka elfu moja. Ibn Battuta alipopita Kilwa Kisiwani mwaka 1331 alikuta mji mkubwa. Watu hao walikuwa na vyombo vya bahari, walikuwa na nguvu, wangeweza kukaa kisiwa chochote. Ukiona kisiwa kidogo kimebaki kitupu mpaka leo, mara nyingi jibu ni fupi: hakina maji ya kunywa.

Ziwani ni kinyume. Kisiwa cha ziwani kimezungukwa na maji yanayonyweka, kwa hiyo watu hawakosi sababu ya kukaa. Angalia Ukerewe na Ukara, kumejaa watu. Rubondo nako kulikuwa na wavuvi na wakulima. Kisiwa kilifanywa pori la akiba mwaka 1965, watu wakahamishwa, na mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa. Yaani pori la Rubondo ni pori kwa sababu sheria inalilinda.

Umeipata hiyo? Pori la baharini linalindwa na kiu, pori la ziwani linalindwa na askari wa hifadhi. Ukilielewa hilo, mengine yote ya safari yanafuata hapo hapo: mzigo wako, gharama zako na hatari zako.

1. MAJI YA KUNYWA

Watu wengine wanadhani maji ya bahari ukizidiwa unaweza kunywa kidogo. USITHUBUTU. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Figo za binadamu haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi nyingi kiasi hicho, kwa hiyo ili mwili uitoe ile chumvi unalazimika kutumia maji mengi kuliko uliyokunywa. Unakunywa, unazidi kukauka. Ndiyo maana mtu anaweza kufa kwa kiu huku maji yamemzunguka pande zote.

Vipi visima? Visiwa vya baharini vyenye ukubwa wa kutosha huwa na maji baridi chini ya ardhi. Mvua ikinyesha, maji yanazama kwenye mawe ya matumbawe, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, yanaelea juu ya maji ya bahari huko chini. Wazee wa Kilwa Kisiwani waliishi kwa visima vya namna hiyo. Lakini hicho ni kitu cha kubembeleza. Ukichota sana au mvua ikikosa, maji ya chumvi yanapanda kutoka chini na kisima kinaharibika. Na kisiwa kikiwa kidogo sana, hicho kitabaka cha maji baridi hakipo kabisa.

Kwa hiyo fanya hesabu. Kwenye joto letu mtu mmoja anayetembea juani anahitaji kama lita tatu hadi nne za kunywa kwa siku. Ongeza za kupikia, weka lita tano. Watu wanane kwa siku tano ni lita 200. Hayo ni madumu kumi ya lita 20, uzito wa kilo 200, sawa na kuongeza watu watatu ndani ya boti. Na nahodha wa boti lazima aambiwe mapema, sio mnafika ufukweni na madumu kumi anakodoa macho.

Ziwani hubebi madumu hayo. Lakini usichote na kunywa hivi hivi! Maji ya ziwa yachujwe kwa kitambaa safi halafu yachemshwe. Binamu yangu husahau kusema hili kwa sababu yeye kazaliwa huko.

2. SAA YA BAHARI

Sasa ile habari yangu. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda Songo Mnara, vijana sita na nahodha mzee mmoja. Kulala tulilala vizuri, magofu tuliyaona. Siku ya kurudi mzee akatuambia tuondoke alfajiri. Sisi tukaona usingizi mtamu, tukasema, "Mzee, tuondoke saa mbili, kuna haraka gani?" Mzee akatuangalia tu, akasema, "Haya wanangu, ninyi ndio mliokodi."

Saa mbili na nusu asubuhi boti ikagusa chini kwenye mkondo katikati ya mikoko. Tukashuka kusukuma, tope likatufika mapajani. Kila dakika maji yanapungua. Baada ya nusu saa boti imelala ubavu, tumekaa juu yake kama ndege. Hakuna kivuli. Maji ya kunywa yamebaki dumu moja la lita tano, mengine tulishayamwaga kunawia miguu kwa sababu "tunarudi nyumbani". Mshikaji wetu mmoja mchana akaanza kutapika na kuongea maneno yasiyoeleweka, jua limempiga. Mzee akamfunika kwa tanga lililoloweshwa, akamnywesha kidogo kidogo, sisi wengine tukaambiwa tuloweshe midomo tu. Maji yalirudi karibu saa saba. Tulifika Masoko hatuongei.

Mzee alijua. Sisi ndio hatukujua. Na kitu chenyewe wala sio siri:

Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta pamoja, ndio tunapata bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita tatu kwenye pwani yetu. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: kujaa kidogo, kupwa kidogo, na mikondo inatulia.

Siku za bamvua huku kwetu bahari inakauka kuanzia saa nne mpaka saa tano hivi asubuhi. Ndio muda akina mama wanatoka kutafuta pweza. Sisi tuliondoka saa mbili, siku tatu baada ya mwezi mwandamo! Yaani tulijipeleka wenyewe. Siku za maji mafu mambo yanageuka, maji yanajaa asubuhi karibu saa nne, na mtu anaondoka Masoko saa tatu baada ya chai bila wasiwasi.

Ziwani hakuna hili. Ziwa linapanda na kushuka kwa misimu na kwa miaka, kama mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipofikia kimo cha mwaka 1964 na kuingia kwenye nyumba za watu kandokando. Lakini boti yako uliyoiegesha jioni asubuhi utaikuta inaelea. Hapo binamu yangu anashinda, nampa pointi.

3. UPEPO

Hapa wengi wanakosea. Wanadhani bahari ni kali na ziwa ni pole. Hapana.

Bahari yetu ina ratiba. Kusi inavuma kuanzia kama Aprili hadi Septemba, na mwezi wa sita na wa saba inakuwa na nguvu kweli. Kaskazi inaingia mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Kati ya kusi na kaskazi, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, bahari inatulia na maji yanakuwa meupe, unaona chini. Mvua huku kusini zinaanza karibu na mwisho wa mwaka na kwenda hadi Aprili. Vimbunga ni nadra lakini vipo: mwezi Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilileta mvua iliyokata barabara ya Dar kwenda Lindi hapo kwenye madaraja ya Somanga. Mwenye safari mwezi wa nne au wa tano ajue hilo.

Ziwa Victoria lina kilomita za mraba kama 68,800. Hilo sio bwawa bwana. Linatengeneza hali ya hewa yake lenyewe. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya ziwa, mawingu yanapanda, na radi na dhoruba zinapiga usiku na alfajiri. Kwa hiyo kule usisafiri usiku na mtumbwi. Huku mvuvi anaisoma kusi miezi mapema, kule dhoruba inakuja ndani ya saa moja.

Na tusisahau waliokufa kwenye maji baridi. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza, mamia walipotea. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu kabisa na gati la Ukara, watu 228 wakafariki. Kivuko cha kubeba watu 101 kilikuwa kimebeba zaidi ya mara mbili. Walikuwa wanaiona nchi kavu. Kilichowaua ni kujaza chombo kupita uwezo wake, na hilo linaua baharini na ziwani sawasawa.

Kwa hiyo kanuni ni ile ile pande zote mbili. Kila mtu na jaketi lake la kuokoa maisha, amevaa, sio limekaliwa. Hesabu watu na mzigo. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi. Na mwachie mtu wa nchi kavu jina la chombo, idadi yenu na saa mnayotarajia kurudi.

4. WANYAMA NA MAGONJWA

Rubondo kwa wanyama wakubwa haina mpinzani katika habari hii. Kuna nzohe, yule swala wa kwenye matete, kuna mamba na viboko, kuna tembo na twiga waliopelekwa. Kuna sokwe pia: kati ya 1966 na 1969 waliachiwa huru sokwe 17, wengi wao waliwahi kufungiwa katika bustani za wanyama huko Ulaya, na wajukuu wao mpaka leo wanaishi pale kama sokwe wa porini. Ukifikiria, ni ajabu.

Lakini kule usioge ziwani ovyo. Mamba, kwanza. Pili kichocho. Vijidudu vya kichocho vinaishi kwenye konokono wa maji baridi karibu na matete, vinatoka na kupenya ngozi bila wewe kusikia chochote. Miezi baadaye ndio unaona damu kwenye mkojo au tumbo linasumbua. Ukirudi kutoka ziwani na ulishaingia majini, nenda kapime, dawa ipo na inatibu. Tatu mbung'o, wanauma kupitia nguo. Vaa nguo nene, epuka rangi ya bluu na nyeusi, zinawavuta.

Baharini hakuna kichocho. Konokono wale hawaishi kwenye chumvi. Huku cha kuogopa ni taa aliyejifukia mchangani, samaki wa jiwe, na yale madude ya miiba mirefu meusi kwenye miamba. Vaa viatu ukitembea wakati wa kupwa, na buruta miguu kwenye mchanga badala ya kuinyanyua, taa akisikia atakimbia mwenyewe. Akikuchoma, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, maumivu yanapungua, halafu nenda hospitali.

Cha kuona baharini kipo kibao: pomboo, kasa, na kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi nyangumi wanapita na watoto wao. Na mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara walimvua silikanti, samaki wa kale ambaye dunia nzima iliwahi kuamini ameisha zamani za kale, mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Huyu wa kwetu ndiye wa kwanza kujulikana Tanzania. Vijana wa Kilwa wangapi wanalijua hili?

Malaria ipo pande zote. Chandarua usiache.

5. NJIA NA VIBALI

Kutoka Kilwa hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,400. Halafu unavuka Kigongo hadi Busisi, siku hizi kwa daraja lililozinduliwa Juni 2025, unakwenda Nkome au Muganza, ndipo upande boti ya kwenda Rubondo. Kiingilio kinalipwa TANAPA kwa saa 24, raia wa Tanzania analipa kidogo kuliko mgeni, lakini ongeza kambi, boti na askari wa kuwaongoza. Huwezi kufunga hema popote unapotaka.

Kwetu huku, ofisi ya kibali iko Kilwa Masoko. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981, na siku hizi yako chini ya TAWA. Kati ya 2004 na 2014 yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, sababu moja ikiwa mawimbi yanayokula ufukwe. Kwa hiyo usipige kambi ndani ya magofu, na usikate mikoko kwa ajili ya kuni! Ile mikoko ndiyo inayozuia mawimbi. Beba mkaa kutoka mjini.

Halafu adabu. Songo Mnara ina kijiji, Songosongo ina watu na mitambo ya gesi inayopeleka Dar tangu 2004. Hata kisiwa kitupu kina wavuvi wa dago. Piga hodi kwa mwenyekiti wa kijiji, jitambulishe, vaa nguo za heshima, na mwezi wa Ramadhani usile hadharani mchana. Ukifanya hivyo hata boti ikiharibika kuna watu watakaokuja kukutafuta. Hiyo ni bima kuliko simu isiyo na mtandao.

Kuna njia ya tatu inasahaulika. Kwa ndugu zetu wa Masasi na Tunduru, maji baridi ya karibu ni Ziwa Nyasa, barabara ya Songea hadi Mbamba Bay, na kisiwa cha Lundo kiko karibu na Liuli. Maji yale ni meupe, kina chake kinafika mita 700, na aina za samaki ni mamia, kushinda ziwa lolote duniani. Lakini wakati wa kusi mawimbi yake ni ya bahari kabisa, msidanganyike.

BASI TUCHAGUE KIPI?

Hivi ndivyo ninavyoona mimi:

- Unataka wanyama wakubwa, una siku za kutosha na hela ya nauli: Rubondo.
- Unataka kukaa muda mrefu na kundi kubwa bila kubeba madumu: ziwani, ila chemsha maji na usioge ovyo.
- Unapenda kuogelea bila hofu ya mamba na kichocho: baharini.
- Uko Dar, Lindi au Mtwara na mfuko ni mwepesi: baharini, ila panga safari kwa mwezi wa angani, sio kwa kalenda ya ukutani.
- Hamna nahodha mnayemwamini: msiende popote. Subirini.

Kwa kundi letu nimeamua Songo Mnara, na nimewaambia sababu. Nauli ya kwenda Mwanza peke yake ingekula nusu ya mchango. Tutakwenda mwezi wa kumi na moja mwanzoni, siku za maji mafu, madumu kumi na mawili badala ya kumi, majaketi manane na la nahodha la tisa. Rubondo tutaichangia mwakani, binamu asinune.

Nahodha ni yule yule mzee. Nilikwenda kumwamkia wiki iliyopita, nikamwambia tarehe. Akahesabu kwa vidole, akasema siku ni nzuri. Halafu akauliza, "Na kurudi mtaondoka saa ngapi?"

Nikamjibu, "Saa utakayosema wewe, mzee."

Haya wadau, kama umewahi kulala kisiwani, cha chumvi au cha baridi, lete uzoefu wako hapa chini. Hasa watu wa Ukerewe na Mafia, tunawasubiri.